Maneno ya Mlango wa Buluu

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na nusu ya makosa yangu maishani yametokana na kazi hiyo. Ukisahihisha insha za watoto wa watu kwa miaka kumi na tisa, unaharibika. Unasikia kosa na mkono unaanza kutafuta kalamu nyekundu, hata kama uko kanisani na anayekosea ni mchungaji. Nayasema haya mapema ili mkifika mahali pa kunikasirikia mjue nimeshatangulia.

Ninayetaka kumsimulia ni Naftaly Gachanja, mpima mizigo wa Kariandusi. Ni mtu wa miaka arobaini na minane, mwembamba, mpole, wa kuvaa koti hata jua likiwaka. Anafanya kazi kwenye machimbo ya ule udongo mweupe karibu na Ziwa Elmenteita, na udongo huo haumwachi. Uko kwenye nyusi, uko kwenye kola, na hasa uko kwenye viatu. Kila Jumapili alivipangusa kwa kitambaa kabla ya kuingia kwetu, na bado aliacha alama mbili nyeupe sakafuni pale alipoketi.

Nikisema kwetu nina maana ya duka la ushonaji la Sue, pale Free Area, Nakuru. Jumapili saa tisa, watu wakishatoka kanisani na kula, Sue alisukuma cherehani ukutani, akapanga viti vya plastiki na kuweka chupa ya chai juu ya meza ya kukatia vitambaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa klabu yetu ya filamu. Kila mmoja alieleza filamu aliyoitazama wiki hiyo, akasema kilichomfurahisha na kilichomkera, kisha wengine wakamuuliza, "Unaipea ngapi?" Akatoa alama zake juu ya kumi, na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Sheria ilikuwa moja tu: huongei juu ya filamu ambayo hukuimaliza. Sitati, fundi wa friji, aliwahi kufungiwa nje wiki mbili kwa kuipa nane filamu aliyolala katikati yake. Mkewe ndiye aliyemchongea.

Mjuaji wa klabu nilikuwa mimi. Hakuna aliyenichagua, nilijichagua. Mtu akitamka vibaya jina la filamu nilimrekebisha hapo hapo, mbele ya watu, na niliyemrekebisha zaidi ya wote alikuwa Naftaly. Majina ya Kiingereza yalimshinda kabisa. Alikuwa akisema "Asante, mwalimu," anarudia vile nilivyotamka, kisha anaendelea. Mimi niliamini anashukuru kweli.

Lakini jicho alikuwa nalo. Sisi wengine tulitazama filamu, yeye aliwatazama watu walio ndani yake. "Huyo mama alijua bwana yake amekufa kabla polisi waongee," alituambia siku moja. "Angalia vile anaweka kikombe." Tukarudisha nyuma tukatazama, na kweli, yule mama alikishusha kikombe taratibu kwa mikono miwili kabla askari hajafungua kinywa. Naftaly alijua nani anasema uongo kwa namna anavyoshika kiti. Alijua ndoa gani imekufa kwa vile watu wanavyopishana jikoni. Jambo moja tu nililiona na sikulitilia maanani: katika miezi kumi na minne ya klabu, Naftaly hakuwahi kusema lolote juu ya maneno yaliyotamkwa. Nilidhani ni maringo. Wapo watu wanaojifanya kwamba mazungumzo ya filamu ni mambo ya watoto.

Basi Jumapili moja ya Julai Sue akasema tubadilishe. Tuache filamu za wiki, kila mtu atueleze ile moja ambayo haijamtoka kichwani tangu aione. Sitati akaleta yake ya ngumi na mateke, kama tulivyotarajia. Mimi nikaleta yangu nzito, ya kuonyesha nimesoma. Kisha ikafika zamu ya Chepkurui, nesi wa zahanati moja huko Lanet, mwanamke wa miaka thelathini na nne ambaye kwa kawaida huongea kidogo, hunywa chai na kwenda zake.

Chepkurui akasema yake hajui hata jina lake. Aliiona akiwa msichana wa miaka kumi na miwili, alipokuwa akikaa kwa shangazi yake kule Bahati ili asome. Bahati wakati huo kulikuwa na banda la video, la mabati, lenye televisheni moja na madawati, na kando ya televisheni aliketi msemaji na maikrofoni. Sauti ya filamu ilipunguzwa, na yule msemaji akawaeleza watu kwa Kiswahili kinachosemwa. Wengi wetu tuliokulia pande hizi tuliziona filamu zetu za kwanza hivyo, na hatukujua kuna namna nyingine.

Filamu yake ilikuwa na mwanajeshi mwenye kovu shavuni. Amekosana na baba yake, amezunguka dunia, na mwishowe anarudi nyumbani mvua ikinyesha. Kuna mlango wa buluu, na mbwa wa miguu mitatu amelala kizingitini. Mwanajeshi anabisha. Mzee haonekani, anasikika tu akiwa ndani.

"Akamwambia akiwa ndani," Chepkurui akasema, "'Hii mlango sijawahi kuitia komeo. Sukuma.' Halafu jamaa akaweka mkono kwa mlango, akainamisha kichwa. Ni hivyo tu. Mimi nililia mpaka shangazi akaniuliza nani amenichapa."

Kisha akatueleza kilichofuata maishani mwake. Wazazi wake walipoachana, alisimama na mama, na baba akamwambia ajihesabu kuwa hana tena nyumbani kwao kijijini, Solai. Ilipita miaka sita bila neno kati yao. Siku moja mwaka 2019, akiwa zamu, yale maneno ya mlango yakamjia tu, akavua sare, akaomba ruhusa na kwenda Solai. Hakubisha. Alisukuma. Baba alikuwa ameketi anamenya viazi, akamsogezea kisu cha pili. Waliishi vizuri miezi minane, kisha mzee akafariki. Chepkurui aliyasema maneno yale kwenye mazishi, halafu akataka yachongwe kwenye saruji ya kaburi. Kaka yake Kipkemoi alikataa, akasema kaburi la Mkristo huandikwa mstari wa Biblia. Chepkurui akashinda. Maneno yako pale hadi leo.

Naftaly alitoka nje kabla Chepkurui hajamaliza. Nilidhani ameenda chooni. Aliporudi zamu ilikuwa yake, naye akasema hana filamu yoyote anayoikumbuka. Tulimcheka, tukamwambia mtu wa jicho kama lake hawezi kukosa hata moja. Akatabasamu, akatazama viatu vyake.

Mimi nami, badala ya kuguswa na nilichosikia kisha ninyamaze, nikaona kazi. Nikamwambia Chepkurui nitamtafutia filamu hiyo, hata kama imefukiwa wapi. Wote wakapiga makofi. Nakiri niliipenda ile shangwe kuliko nilivyompenda Chepkurui.

Ilinichukua wiki tatu. Niliandika kwenye makundi ya wapenda filamu mtandaoni, nikaeleza kovu, mvua, mlango na mbwa wa miguu mitatu. Aliyenijibu ni mzee wa nchi ya mbali anayekusanya filamu zisizo na bahati. Alinitumia filamu nzima, ikiwa safi na maandishi ya Kiingereza chini. Sikuitazama mapema. Nilitaka tuione pamoja, nami nikae karibu na Chepkurui nipate shukrani ikiwa bado moto. Nikatangaza kwenye kundi letu la simu kwamba imepatikana.

Jioni hiyo Naftaly alinipigia. Hakuwa amewahi kunipigia. Alizunguka sana, akaniuliza habari za shule na za mvua, na mwishowe akasema alichotaka.

"Mwalimu, nakuomba. Hiyo muvi wacha ikae vile inakaa kwa kichwa yake."

Nilimuuliza kwa nini. Akasema vitu vya utotoni mtu akivirudia vinakuwa vidogo. Nikacheka, nikamwambia asiogope, jicho lake litabaki kuwa jicho la kwanza katika klabu. Nilifikiri ananionea wivu kidogo. Akaniaga kwa adabu.

Jumapili iliyofuata Sitati alileta televisheni kubwa kutoka kwake. Naftaly alikuja mwisho na kukaa karibu na mlango. Filamu yenyewe ilikuwa ya ovyo, bunduki nyingi na akili kidogo, lakini Chepkurui alikuwa mtoto tena. Kila alichokumbuka kilitokea. Kovu likaja. Mvua ikaja. Mbwa wa miguu mitatu alipoonekana, alimshika Sue mkono, na mlango wa buluu ulipojaza kioo, machozi yalikuwa tayari. Mwanajeshi akabisha, na sauti ya mzee ikasikika kutoka ndani kwa Kiingereza. Maandishi yakatokea chini.

Mzee alisema petroli imekwisha, arudi Jumatatu.

Mwanajeshi akaweka kiganja mlangoni, akainamisha kichwa kwa uchovu. Filamu ikahamia kwingine. Hakuwa baba yake. Hakukuwa na baba yeyote katika filamu nzima. Ulikuwa mlango wa nyuma wa kituo cha petroli.

Sitati ndiye aliyeanza kucheka, na kwa kweli ilichekesha. Chepkurui akaomba turudishe nyuma. Tukarudisha mara tatu. Mara ya tatu nikasoma yale maandishi kwa sauti na kuyatafsiri, neno kwa neno, kama vile labda nesi aliyefuzu hajui Kiingereza cha petroli. Halafu, kwa kuwa watu walikuwa wananitazama, nikaendelea. Nikasema hivyo ndivyo tulivyolelewa, tukidanganywa na wasiojua kitu. Nikasema ni wizi kama wizi mwingine.

"Mtu hana Kiingereza hata ya kuomba maji," nikasema, "anapewa maikrofoni adanganye watoto wa watu. Na hana aibu."

Watu wakacheka zaidi. Nilimtazama kila mmoja ili nihesabu vicheko, na hata Naftaly nilimtazama. Alikuwa ameinama, anasugua kiatu kimoja kwa kingine.

"Hayo maneno yako kwa kaburi ya baba yangu," Chepkurui akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbuka ameacha jiko likiwaka. Akachukua mkoba wake na kuondoka, na Naftaly akatoka nyuma yake, lakini tulipochungulia alikuwa ameelekea upande wa pili.

Nilibaki kumsaidia Sue kupanga viti. Alikuwa amenuna. Nilipomuuliza kuna nini akaniuliza kama kweli sikujua. Sue ni mzaliwa wa Bahati. Akaniambia msemaji wa lile banda alijiita Komando Nafu, kwamba watu walitoka hadi Dundori kuja kumsikia, na kwamba ni yeye Sue aliyemleta katika klabu yetu baada ya kukutana naye sokoni na kumtambua kwa sauti. Naftaly alimwomba asimwambie mtu.

Nilikaa juu ya kiti nilichokuwa nimekishika. Aibu nyingine humjia mtu polepole, akapata nafasi ya kujitetea. Hii ilinijia nzima. Nilikumbuka simu yake, na sauti yangu nikimcheka. Nilikumbuka kila jina nililomsahihisha, na kila "Asante, mwalimu." Nilimpigia siku hiyo na kesho yake. Hakushika.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Jumatano nilikwenda Kariandusi. Nilimkuta kwenye kibanda cha mizani, amefunga kitambaa mdomoni, anaandikisha lori. Aliponiona alikivua, na pale kitambaa kilipokuwa uso ulikuwa mweusi, na juu yake ulikuwa mweupe. Alinipa kigoda chake kimoja, yeye akasimama. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mazuri, ya kuandikwa. Yote yakaniishia kwenye "Pole, Naftaly. Pole sana," nikaanza kulia mbele ya madereva.

Hakunikasirikia, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. Alinieleza tu, huku akifukuza vumbi mbele yangu kwa kofia. Shule aliachia darasa la tano. Mwenye banda alimuuliza kama anajua Kiingereza, akajibu ndiyo, kwa sababu alitaka kazi ya ndani isiyo ya jembe. Hakujua. Alitazama nyuso. Uso ukikasirika alisema jambo la hasira, uso ukilegea alisema jambo la mapenzi, na wasipofungua midomo alisema upepo unavuma. Kwa miaka mitano aliingia kazini na hofu, akingoja aingie mtu mwenye elimu asimame na kumuumbua mbele ya watu. Hakuja. Alikuja miaka ishirini baadaye, kwa Sue.

Nikamuuliza basi kwa nini alijiunga nasi, mahali penye mwalimu wa Kiingereza, tena wa aina yangu. Akageuza kofia mikononi.

"Nilitaka kusikia zilikuwa zinasema nini," akasema. "Nyinyi mkiongea, mimi nashika. Nikienda nyumbani najua sasa."

Hapo ndipo nilipofanya jambo la pili la aibu, na hili sikulifanya kwa kutojua. Nilimpa mpango. Nilimwambia nitamweleza Chepkurui kwamba nilikosea, kwamba hiyo si filamu yenyewe, iko nyingine inayofanana nayo, yenye baba na yenye maneno, ila haipatikani. Angeniamini, mimi ndiye mjuaji. Naftaly angebaki salama, na kaburi lingebaki salama. Nami, ingawa hili sikulisema, ningekuwa nimejisafisha bila kuomba msamaha mbele ya watu.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Huyo msichana nimemdanganya mara moja. Hiyo inatosha."

Lori lingine likapanda mizani, akafunga kitambaa chake, na mimi nikaondoka.

Chepkurui hakuwa na mpango wa kurudi klabu. Alirudi Jumapili iliyofuata kwa sababu sare yake ya kazi ilikuwa kwa Sue ikishonwa pindo, na Sue, kwa ujanja wake, alikuwa amechelewa kuimaliza. Akasimama mlangoni, hakutaka kuketi. Alimwambia Sue kwamba kaka yake alisikia habari za petroli na kucheka sana, na sasa wamekubaliana. Jumanne fundi anakuja Solai kuyakwangua yale maneno na kuandika mstari wa Zaburi. Aliongea kana kwamba anaeleza juu ya kupaka ukuta rangi.

Nilisimama kwanza. Niliwaambia watu wote kwamba Jumapili iliyopita nilisema maneno ya ovyo, na kwamba niliyasema ili nichekewe. Nilimwomba Chepkurui msamaha. Sikuweza kumtaja Naftaly, haikuwa siri yangu, kwa hiyo msamaha wangu ulitoka nusu, nikaketi na uso ukiwaka.

Naftaly akasimama. Alikuwa amevaa koti lake, na kwa mara ya kwanza hakuwa amepangusa viatu.

Akasema wiki hii hajatazama kitu. Akasema anataka kuongea juu ya filamu ya mwaka 2003, na kwamba anavunja sheria ya klabu, kwa sababu hiyo filamu aliionyesha mara kumi na moja na mpaka Jumapili iliyopita hakuwa amejua hata sentensi moja ya ndani yake. Sitati alitaka kucheka, Sue akamkanyaga.

"Ile sauti ulisikia Bahati ilikuwa mimi," alimwambia Chepkurui. "Kiingereza sikujua. Sijui hata leo. Hayo maneno si ya muvi. Ni yangu. Nilikutolea kwa kichwa yangu."

Naftaly akaendelea, na sauti yake ikaanza kubadilika, ikapata nguvu fulani ya chini ambayo sikuwahi kuisikia, na nikaona mkono wa Chepkurui ukipanda taratibu hadi kifuani. Alikuwa ameitambua. Akatueleza kwamba mwezi ule baba yake alikuwa amemfukuza. Mzee alitaka mwana wa kulima, si wa kupiga domo gizani na wezi, na alimtumia ujumbe kwa jirani kwamba amenunua komeo la mlango kwa sababu yake, hivyo asijisumbue kuja. Nyumba yao haikuwa mbali na banda, mwendo wa nusu saa. Akawa analala humo bandani juu ya madawati. Kisha ikaja hiyo filamu, na kijana kwenye mvua, na mlango, na mzee anaongea akiwa ndani. Watu walikuwa wanangoja aseme kitu. Akasema kile ambacho yeye mwenyewe angependa kuambiwa.

"Kwa hivyo nisamehe," akasema. "Uliandika kwa kaburi ya mzee wako maneno ya mtu mwongo."

Sitati, ambaye moyo wake ni mzuri lakini mdomo wake hutangulia, akasema kwa mazoea tu, "Unaipea ngapi?" Papo hapo akafunika uso kwa mikono yote miwili, na masikio yakabaki yanaonekana, na sijawahi kumhurumia mtu mzima namna ile. Naftaly alimjibu kwa upole kwamba hana alama za kutoa.

Chepkurui akatoa simu na kutoka nje. Tulimwona kupitia kioo cha dirisha, pale Sue anapotundika nguo zilizokamilika, amesimama kando ya barabara na kuongea na kaka yake. Waliongea Kikalenjin. Mimi nilitega masikio yangu yote ya shahada nikaambulia neno moja tu, fundi. Naftaly hakutega sikio. Alimtazama tu, vile alivyozoea, macho membamba, kichwa upande.

"Anamwambia fundi asikuje," akasema polepole. "Huyo mwingine anakataa. Anamwambia mara ya pili. Sasa amekubali."

Chepkurui akarudi ndani, akamwambia Sue kwamba kaburi halitaguswa. Akavuta kiti na kuketi mbele ya Naftaly, magoti yao karibu yagusane. Nilitarajia amshukuru au amlaumu, na vyote viwili ningevielewa. Lakini alimuuliza swali moja, kwa sauti ya nesi anayeuliza panapouma.

"Na wewe? Ulienda kusukuma?"

Naftaly alitazama viatu vyake, ule weupe wote wa Kariandusi, kisha akamtazama usoni.

"Sikuenda," akasema. "Niliogopa hiyo komeo. Mzee alikufa 2011, nikaenda kwa mazishi kama mgeni. Watu wakiimba, mimi nilikuwa nyuma, naangalia mlango. Haikuwa na komeo. Haikuwa na hata shimo ya msumari. Komeo nilikuja kuipata kwa stoo tukigawa vitu zake. Ilikuwa bado imefungwa kwa karatasi ya duka."